Ratiba ya mtoto wa sayansi na ndoo ya maji



Wazazi wenzangu wa Mbulu na Hanang, na nyinyi wanangu mlio kidato cha nne na mlio Advansi, leo darsa letu ni la saa. Kila mtihani wa Novemba ukikaribia naletewa watoto niwaombee dua. Nawaombea, kwa nini nisiwaombee? Lakini kwanza nauliza: jana ulisoma kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Wengi hawana jibu. Wanajua wamechoka, hawajui muda umekwenda wapi.

Mwaka huu alikuja mzee mmoja na binti yake wa kidato cha nne, anasoma kutwa, amechukua Fizikia na Kemia. Mzee akasema, "Shehe, huyu mvivu. Moko amefeli. Mwambie akajifunze cherehani." Binti ameinamisha kichwa, hasemi kitu. Nikachukua daftari la madrasa nikamwambia, haya mwanangu, tuandike siku yako.

Anaamka saa 10:30 alfajiri, anachota maji, anaswali, anatoka. Mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Masomo, halafu masomo ya ziada hadi saa 10 jioni. Mwendo tena. Akifika nyumbani ni saa 11:30: maji tena, kuni, ugali, vyombo, kumlaza mdogo wake. Katikati hapo Magharibi imeingia, anakimbilia madrasa hadi Isha. Tukajumlisha. Kilichobaki cha kusoma ni saa moja tu, saa 3 hadi saa 4 usiku, naye ameshaanza kusinzia. Nikamgeuzia mzee daftari. Akalitazama kwa muda.

Akaniuliza swali la haki: "Asipochota yeye, achote nani?" Nikamuuliza punda wake anafanya kazi gani siku zisizo za mnada. Na yule mdogo wake wa kiume wa darasa la saba, hana mikono? (Mtume wetu, s.a.w., alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo asije mtu kuniambia ndoo ni ya msichana.)

Lakini ningekuwa na uso gani wa kumdai mzee yule saa zake, nami nimeshikilia za kwangu? Muda wa baina ya Magharibi na Isha ulikuwa wa madrasa. Nikatangaza kwamba wa kidato cha nne na cha sita waje Jumamosi tu mpaka wamalize mitihani. Wapo wazee walionuna, wakasema Imamu anawaachisha watoto dini. Msimamo wangu ni ule ule. Faradhi ya mtoto huyu ni swala tano, na ukizijumlisha na udhu wake hazifiki saa moja na nusu kwa siku nzima. Tena hapa kwetu karibu na ikweta nyakati hazisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo swala ni vigingi: funga ratiba yako hapo. Kuhifadhi juzuu nyingine kutasubiri hadi Desemba.

Kuna jambo ambalo wazazi hatulihesabu. Mtoto wa huku wengi wao wamelelewa kwa Kiiraqw au Kidatoga, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari Fizikia inakuja kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja anausoma mara tatu: kutafuta maneno, kuunganisha sentensi, ndipo aelewe jambo lenyewe. Mwenzake wa mjini aliyeanza na Kiingereza chekechea anasoma mara moja. Huyu wetu si mzito, anafanya kazi mara tatu. Mpe saa mara tatu.

Sasa nyinyi vijana. Mnajua tunavyohifadhi Qur'ani: huongezi aya mpya kabla hujarudia za jana, na kila wiki unarudi nyuma zaidi. Fanyeni hivyo hivyo na Biolojia na Kemia. Ile njia ya saa moja na nusu ndiyo muraja'a yako. Kanuni za jana zirudie kwa sauti unapotembea, atakayekucheka mwache acheke. Hisabati usiipe saa ya usingizi, ipe alfajiri baada ya swala, saa ambayo maji sasa anachota mwingine. Na pasti pepa ya Hisabati ifanye Jumapili kwa saa 3 kamili, saa iko mezani, kama chumba cha mtihani.

Haya ya kukesha na miguu kwenye beseni la maji baridi, acheni. Baridi ya Mbulu mnaijua. Unakesha Jumatatu, Jumanne unalala darasani, na mwalimu harudii topiki kwa ajili yako.

Nyinyi wa PCM na PCB, mnaingia Julai na mnafanya mtihani Mei. Haifiki miaka miwili. Anayesema "nitaanza muhula ujao" akumbuke asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh. Waliolala na mipango ya Jumapili ile walikuwa wengi.

Yule mzee punda wake anakwenda kisimani siku hizi, nimemwona mwenyewe. Cherehani bado anaitaja, ila kwa sauti ya chini. Matokeo ya binti anayajua Mwenyezi Mungu.

Jumamosi hii baada ya Adhuhuri, wa kidato cha nne na cha sita njooni msikitini na daftari, mkiwa mmeandika siku tatu zilizopita saa kwa saa, bila kudanganya. Kila mmoja aje na mzazi wake. Na majirani zetu Wakristo wenye watoto wa mtihani, karibuni nanyi, tutakaa pale barazani.

Wabillahi tawfiiq.