Chemirocha hakuomba viza

Karibu kila sherehe ya Wakalenjin huku Marekani hufika saa ambayo mzee mmoja hunyakua kipaza sauti na kuwalaumu vijana kwamba wameziacha nyimbo za kwao. Watu wazima hupiga makofi. Vijana huinamia simu. Nami, niliyezaliwa karibu na Mulot, Kenya, na sasa nalea watoto Nashville, hupiga makofi pia kwa heshima, huku nikijiuliza hizo nyimbo za kwetu ni zipi hasa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet katika wilaya ya Kericho, akanasa sauti za wasichana wa Kipsigis, Wakalenjin kama mimi, wakiimba huku chepkong', kile kinubi chetu, kikilia nyuma yao. Walikuwa wakimwimba Chemirocha. Ukiuliza ni mtu wa ukoo gani utacheka: ni Jimmie Rodgers, mwimbaji kutoka Mississippi, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vilimani kwetu. Wasichana walimpa jina linaloweza kuitwa katika boma lolote la Kipsigis. Kwa maelezo aliyoacha Tracey, walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwalika aje acheze nao. Mwenyewe alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu 1933, lakini hilo halikuwazuia.

Naupenda wimbo ule kwa ujeuri wake. Hakuna baraza la wazee lililoketi kuamua kama sauti ya Mzungu inafaa. Wasichana waliisikia, wakaifanyia utani, wakaitia katika mwendo wa kinubi, na leo wasomi wa muziki wanaisikiliza kama hazina ya Wakipsigis. Siku ile Kapkatet ilikuwa burudani ya vijana tu, na sitashangaa kama kuna mama aliyewaambia wakachote maji.

Rodgers naye hakuwa kisima kisafi. Alifanya kazi kwenye reli, na mtindo wake ulichota sana katika bluzi za watu weusi wa Kusini. Rekodi zake za kwanza zilifanyika Bristol, katika jimbo hili hili la Tennessee, mwaka 1927. Mwaka 1930 aliimba huku Louis Armstrong akimpulizia tarumbeta. Kwa hiyo kilichoshuka kwenye santuri pale Kericho kilikuwa tayari na Afrika ndani yake. Sitaki kulitia chumvi: wasichana wale hawakuwa wakidai urithi. Walipenda sauti, basi. Hapa Nashville, Rodgers ni mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, mwaka 1961.

Hata kogo, mama yake mama, ambaye nyimbo zake ndizo naziita za utotoni, aliimba zaidi kutoka kitabu cha kanisa. Wamisionari waliojenga misheni ya Tenwek walitoka Marekani, na tenzi zao zikageuzwa Kikipsigis. Ngoma za jadi alizozijua akiwa msichana alizinong'ona tu, maana baada ya kuokoka ziliitwa mambo ya giza. Mzee wa kipaza sauti hapendi kukumbushwa habari hii.

Ninachokikosa Nashville, basi, si nyimbo. Kass FM naipata kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, kukiwa kunapambazuka Mulot. Ninachokikosa ni kusikiliza pamoja. Mulot, pale barabara ya Narok na Bomet inapovuka mto Amalo, hakuna anayekuuliza unataka wimbo gani. Matatu inapiga amapiano, hoteli ya chai ina injili ya Emmy Kosgei, duka la mitumba lina gitaa za Kikalenjin zilizojifunza mwendo wao kwa benga ya Wajaluo. Kijana wa miaka kumi na sita anajua nyimbo za babu yake bila kutaka. Kwenye koito, sherehe yetu ya posa, wote huinuka, shangazi na mpwa, na asiyejua kucheza husukumwa katikati.

Huku kila mtoto ana masikio yake. Nyumba yangu ina watu wanne na redio nne, zote zimefungwa kwenye visikilizi. Lakini shule ya binti yangu ilimwazima fidla na kumpa mwalimu. Mulot, kijana akionekana na gitaa siku ya kazi huulizwa kama hana la kufanya. Muziki huheshimiwa zaidi msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya unapofika, maana hapo kuna kombe la kuleta shuleni. Sijui ningechagua kipi kama ningelazimishwa: nyimbo zinazokufuata barabarani, au mtu wa kukufundisha kuzitunga.

Binti hajangoja nichague. Majuzi alichukua wimbo wa koito uliorekodiwa na shangazi yake, akaweka fidla juu na ngoma za amapiano chini, akawatumia binamu zake Mulot. Walimjibu kwamba imepoa mno, haiwezi kumwinua mtu kitini, wakamrudishia yao ikiwa imeongezwa kasi na mluzi wa makanga. Sasa wanabishana ipi itapigwa Desemba, kwenye koito ya dada yao mkubwa, na mimi nimeambiwa nisiingilie.