Agogo wa Chinsapo na bei ya haraka

Mtoto wa kaka yangu amezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ana miaka 22, na wiki iliyopita alinieleza jinsi watu wanavyotajirika kwa nyumba. Amejifunza kwenye simu. Njia ni tatu, alisema. Unanunua nyumba mbovu, unaipaka rangi na kuiuza kabla ya mwezi kwisha. Au unakubaliana bei na mwenye nyumba, hujalipa hata kwacha moja, unamtafuta mnunuzi mwingine na kula kinachozidi. Au unapangisha. "Shangazi, wewe uliyekaa Chinsapo miaka yote ile, ulitumia ipi?" Nikamuuliza kama anajua Chinsapo ilijengwaje. Alijua kituo cha minibasi na duka la simu, basi. Kwa hiyo ninaandika.

Nilihamia Chinsapo nikitoka Dzaleka. Nimeangalia daftari langu la biashara ya zamani, linasema 2004. Mwaka wenyewe si kitu. Ninachokumbuka ni kwamba ilikuwa Septemba, tanuru za matofali zinawaka, na moshi umelala juu ya mtaa mzima kuanzia barabara ya Likuni hadi bondeni. Kwenye karatasi za jiji la Lilongwe mahali pale panaitwa Area 57, lakini kabla ya namba palikuwa na vijiji vya Wachewa, na mfumu, yaani chifu, aliendelea kugawa viwanja huku mji ukimzunguka.

Siku zile tofali lilifyatuliwa palepale kwenye kiwanja. Udongo ulikanyagwa kwa miguu, ukapigwa kwenye kibao, ukaanikwa, kisha matofali yakapangwa kuwa tanuru na kuchomwa kwa kuni usiku na mchana. Harufu yake ni ya mkaratusi unaoungua na udongo unaotoa maji; iliingia kwenye chitenje, kwenye nywele, hata kwenye unga. Shimo la udongo lilibaki nyuma ya nyumba, likawa la taka, na masika likawa bwawa. Hata leo, ukitaka kununua nyumba Chinsapo, tafuta kwanza shimo lake. Kama limefukiwa na kujengewa juu, uliza ni upande gani, kwa sababu ukuta uliosimama juu ya taka hupasuka, na rangi mpya huuficha ufa kwa miezi michache tu.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kichewa, na wapangaji wote tulimwita Agogo, yaani bibi. Alikuwa na vyumba sita kwa mstari mmoja, milango ikitazama uani, choo kimoja cha shimo na bafu la uzio wa nyasi. Barazani aliuza thobwa, kinywaji cha unga wa mahindi na kimea, katika ndoo ya plastiki. Alfajiri ile harufu ya kimea, tamu na chachu kwa pamoja, ilipita chini ya milango na kutuamsha, nami nikajua wapiga matofali wameshafika kunywa kabla ya kazi. Vyumba vile hakuvijenga kwa mwaka mmoja. Kila baada ya mavuno aliuza karanga na mahindi, akachoma matofali, akapandisha ukuta, akasubiri mavuno mengine. Mabati aliyanunua mojamoja na kuyalaza chini ya kitanda mpaka yatimie chumba.

Kodi aliipima kwa mahindi. Kila Mei, gunia likiwa rahisi, alikwenda sokoni kuuliza bei ya kilo 50, na bei hiyo ikawa kodi ya chumba kwa mwezi mpaka Mei nyingine. Januari na Februari, ghala zikiwa tupu na gunia limepanda mara mbili, yeye hakupandisha. Aliyeshindwa miezi hiyo alilipa nusu, na nusu nyingine akaimaliza baada ya mavuno. Sikuona chumba chake kikikaa kitupu kwa muda. Jirani yake, ambaye aliongeza kodi kila Krismasi, alikuwa na milango yenye kufuli kila Februari. Mtu anayetaka kupangisha aianze hesabu yake hapo: chumba kitupu kwa miezi miwili kinaweza kula nyongeza ya mwaka mzima.

Mpangaji naye alikuwa na mambo ya kuuliza. Nenda ukione chumba mvua ikinyesha. Angalia mstari wa tope ukutani, utakuonyesha maji ya mwaka jana yalifika wapi. Hesabu familia zinazotumia choo kimoja, na mkubaliane mapema nani atalipa shimo jipya hili likijaa, kwa kuwa lazima lijae. Tukaja kuongeza na swali la umeme: mita ni moja kwa vyumba vyote, sasa nani ananunua yuniti, na mwenye pasi analipa sawa na mwenye taa moja? Nimeona ndugu wa damu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya mita.

Lakini somo kubwa la Agogo lilikuwa juu ya kuuza. Siku moja kijana wa Kirundi, muuza mchele, alipata kiwanja kwa bei nzuri kutoka kwa mwanaume mmoja wa palepale. Walitaka kumalizana jioni ileile. Agogo alisikia, akajifunga chitenje, akamshika yule kijana mkono na kumpeleka kwa dada za muuzaji. Kwa Wachewa ardhi hufuata upande wa mama. Mwanaume anaweza kulima na kujenga juu yake, lakini dada zake na mjomba wao wana neno, na ukinunua kwake peke yake, siku akifa wapwa watakuja na haki yao. Dada zake hawakujua lolote. Mauzo yakavunjika, na yule mwanaume hakumsemesha Agogo mwaka mzima.

Agogo mwenyewe alipouza kipande chake cha chini, ilichukua majuma. Aliwaita ndugu zake, majirani wa pande zote za mpaka, na mfumu. Walitembea kwenye mpaka kwa miguu, mti kwa mti. Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari la shule, kila mmoja akatia sahihi au kidole gumba, mfumu akapata chake, na pesa zikahesabiwa kwa sauti mbele ya watoto, ili kesho wapatikane mashahidi walio hai. Karatasi ile isingetosha katika ofisi ya ardhi, hilo sote tulilijua. Nguvu yake ilikuwa kwa wale watu waliosimama pale.

Agogo alifariki, na vyumba vikaenda kwa binti za dada yake, ambao hawakuishi Chinsapo. Wakamweka dalali. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mtu anayekusanya kodi bila kujua choo kiko wapi. Mwaka 2012 kwacha ilishushwa thamani, mabati na saruji vikapanda, na kodi ya miezi mitatu mbele ikawa sharti. Gunia la mahindi halikuulizwa tena. Wenzetu Wakongo na Warundi waliofanikiwa dukani walianza kununua viwanja kwa jina la shemeji Mmalawi au la rafiki, usiku, kwa siri, bila mashahidi, kwa sababu mkimbizi alitakiwa kuwa Dzaleka. Siri ile ndiyo iliyowapoteza. Tangazo la serikali la Machi 27, 2023 lilipotutaka wote tulio mijini turudi kambini kufikia Aprili 15, mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne hakuwa na jirani hata mmoja wa kusema ni yake. Na walitokea wanunuzi, vijana wenye pesa taslimu, wakipita mlango kwa mlango wakiuliza nani anaondoka lini. Friji, rafu, mabati, kila kitu kilikwenda kwa bei ya haraka. Mwezi wa Mei wakaanza kuturudisha kambini kwa nguvu.

Nikarudi Dzaleka, na biashara ileile nikaikuta huku imekomaa. Kambi ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la enzi za Rais Kamuzu Banda, kwa watu elfu 10 hadi 12. Leo tumepita elfu 50. Ardhi ni ya serikali, hakuna mwenye hati. Hata hivyo nyumba ya tofali bichi inauzwa na kununuliwa, kwa sababu aliyeijenga alitia jasho, na mgeni anayefika leo anahitaji pa kulala. Sioni ubaya hapo. Anayenunua, akatoa plastiki na kuweka mabati, akachimba choo, kisha akampangishia mgeni kwa kodi inayolipika, huyo amefanya kazi. Ninayemkasirikia ni yule anayekaa kusubiri orodha za wakimbizi wanaosafiri kwenda kupokewa nchi nyingine. Familia ikipewa tarehe ya ndege, yeye anakuja siku tatu za mwisho, anataja theluthi ya bei, na anajua hawana jinsi. Kabla basi halijaondoka ameshamuuzia mwingine, na hajawahi hata kuingia ndani. Kijana wangu anaita hii akili. Mimi nimeona mama akihesabu noti zile huku mizigo iko barabarani, na hakuwa na nafasi ya kwenda kuuliza bei kwa jirani.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kwenye mtaa wetu ipo familia iliyokuwa imekwisha kuuza. Safari ilifutwa, wakabaki na mabegi, na sasa wanalipa kodi kila mwezi katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao. Mnunuzi wa pili anasema alilipa kihalali, na ni kweli, alilipa bei kamili. Aliyekula katikati amehamia mtaa mwingine na kusema kwamba biashara ni biashara.

Wazee wa mtaa wamewaita wote watatu Jumamosi ijayo. Baba wa familia anaomba kurudishiwa nyumba, naye alipe kidogokidogo kile alichopokea na gharama ya mabati mapya juu yake. Nitapendekeza kwamba tofauti iliyobaki itoke kwa mtu wa katikati, na tangu sasa nyumba ya anayesafiri isiuzwe bila majirani wa pande mbili kuitwa siku saba kabla. Nimeombwa kutoa ushahidi wa bei ya kwanza. Nitakwenda, kwa sababu zile noti zilihesabiwa mbele yangu, na mtoto wa kaka yangu nitamchukua akasikilize.