Kunywa Weye Mwanzo

Msomaji, mimi ni mtoto wa mjini, lakini kwetu asili ni Wambaa, kusini mwa Pemba. Huko vifuu vya nazi hurundikwa uani mpaka viote ukungu, na makumbi yasiyosokotwa kamba huishia motoni. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo tulikuwa tukiyamwaga hatua chache tu kutoka kisimani.

Likizo moja nikasema nitawaonyesha. Nilikuwa nimesoma kwamba mkaa wa vifuu umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyonasa rangi na harufu. Katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) ulitiwa hata kwenye vinyago vya askari kuwakinga na gesi ya sumu. Basi nikachoma vifuu, nikaponda mkaa wake, nikatoboa ndoo kuukuu na kupanga: chini kokoto, kisha mchanga uliooshwa, kisha mkaa, na juu kabisa makumbi yaliyochambuliwa.

Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama chai ya mkandaa. Bibi alicheka hata akajifuta machozi.

"Makumbi hujayaroweka hayo, mjukuu wangu!"

Kweli. Wanawake wa pwani, wanaoyafukia matopeni miezi kadhaa kabla ya kuyapiga, wanaijua rangi ile. Nikayaroweka na kuyasuuza siku tatu. Safari hii maji ya sabuni yakatoka meupe pe. Nikamjazia bibi kikombe, kifua mbele.

Akakitazama, asikipokee. "Haya, kunywa weye mwanzo."

Mkono ukanigoma. Nilijua fika kwamba mkaa hunasa rangi, lakini vijidudu vingi vya maradhi hupita. Na ukishashiba haunasi tena, sharti ubadilishwe. Yote hayo niliyajua, ila sifa nilizitaka zaidi.

"Hata udhu hayafai," akasema bibi. "Kamwagie migomba."

Nikaenda kumwagia. Tangu siku ile maji machafu hupitishwa kwenye ndoo na kwenda migombani, hayamwagwi tena karibu na kisima. Hilo si dogo. Lakini kila nikimaliza kuandika kitu kikaning'aria machoni, nakumbuka kile kikombe. Kabla sijampa mtu, najiuliza: mwenyewe ningekunywa?