Kabla ya Karata ya Tano

Ukitaja poka mitaani Nairobi, wengi hufikiria ule mchezo ambao ukikaribia kumaliza karata unatangaza "niko kadi." Ninayoizungumzia hapa ni nyingine, poka ya karata saba, na aina tunayocheza hapa Roysambu hugawa pesa za mezani mara mbili. Nusu inaenda kwa mwenye karata tano zenye nguvu zaidi, nusu kwa mwenye karata tano ndogo zaidi. Upande wa chini una masharti: karata zote tano ziwe tofauti, na isiwepo inayozidi 8. A inahesabiwa juu na chini. Asipopatikana mtu wa chini, wa juu anabeba zote.

Sisi ni wanne na tunatumia vizibo vya soda. Kila mtu anaanza na karata mbili za siri na moja ya wazi. Mwenye karata ndogo zaidi ya wazi analazimika kufungua dau, kisha wengine mnaamua kama mnaingia.

Sema umepata 9, 10 na J. Zinapendeza, tena zinafuatana. Lakini umebakisha karata nne tu, na upande wa chini unataka tano ndogo. Kwa hivyo utalipa bei kamili kupigania nusu. Sasa chukua A, 2 na 4, zote kopa. Ukimalizia kwa 3 na 5, hakuna wa kukushinda chini, na huo huo ni mfuatano wa kupigania juu. Hizo ongeza dau mapema. Ila kwanza tazama meza: kama 3 na 5 kadhaa zimelala wazi mbele ya wenzako, njia imeziba.

Hesabu ya nusu haina huruma. Watu watatu wakiweka vizibo 40 kila mmoja, mezani kuna 120. Ukichukua nusu una 60, faida 20. Mkiwa wawili tu tangu mwanzo, nusu ni vizibo vyako mwenyewe vimerudi. Na mkitoshana na mtu kwenye hiyo nusu kati ya watu watatu, unaondoka na 30. Umeshinda na umepoteza 10.

Kwa hivyo karata ya nne ikija K ya aina nyingine, na wenzako wanazidi kupata ndogo na kuongeza, toka. Kuanzia karata ya tano dau huwa maradufu. Vizibo ulivyokwisha kuweka si vyako tena, ni vya meza.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ya mwaka wa tatu ingetoka kwa mkopo wa chama cha Mama, na katika ile kozi sikuona hata nusu ya kupigania. Nilikuwa tayari naandikia watu makala kwa malipo madogo. Sijuti. Watu huniambia, "Miaka miwili yote, bro?" kana kwamba ningeendelea kukaa ingerudi.

Desemba nilipoenda ushago, Mama akaniuliza tena kwa nini. Nikapanga vizibo kwenye meza ya sebuleni, nikamweleza yote haya, hadi bei inayopanda maradufu. Mama ni mweka hazina wa chama, hesabu hazimpigi chenga. Alifuata mwanzo mwisho, akakubali kwamba hesabu ni sawa.

Kisha akaokota kizibo kimoja, akakigeuza. "Sasa niambie, baba. Mimi nilikuwa nimekaa mezani na nyinyi, ama nilikuwa hivi vizibo?"

Nikamwambia alikuwa mezani.

"Basi ungeniuliza kabla ya kutoka."