Mafuta ya Kurudi Nyumbani

Kila ninapofundisha mada ya dola na nguvu za kijeshi, wanafunzi hunifuata baada ya kipindi na maswali wanayoyaita ya kitoto. Ndege ya kivita hukaa angani muda gani? Kwa nini ndege yenye kasi kuliko sauti ishindwe kuizuia ile nzito ya mizigo? Huyauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba radhi. Mimi nayaona kuwa maswali ya kisiasa hasa, na huyajibu kwa kisa cha Entebbe.

Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, ndege nne za Israeli aina ya C-130 Hercules zilitua katika uwanja huo wa Uganda kuwakomboa mateka wa ndege ya Air France iliyotekwa Juni 27. Hercules haitishi kwa sura. Ina injini nne zenye panga boi, tumbo pana, na mlango wa nyuma unaoshuka kama daraja hadi gari likatoka kwa magurudumu yake lenyewe. Idi Amin, kwa upande wake, alikuwa na MiG-21 za Kisovieti, ambazo kasi yake hupita mara mbili ya sauti. Lakini ndege ya kivita iliyoegeshwa ni chuma tu. Ili ipae inahitaji rubani aliye tayari, mafundi, rada ya kumwelekeza, na mkubwa wa kutoa amri, tena aliye macho. Ndege za Amin ziliteketezwa zikiwa chini.

Swali la mafuta ndilo lenye uzito zaidi. Safari ile ilikuwa ya kiasi cha kilomita 4,000. Kila tani ya askari na magari hupunguza mafuta yanayoweza kubebwa, na mafuta yenyewe ni mzigo unaokula mafuta. Tena, ili kuzikwepa rada, marubani waliruka chini sana juu ya Bahari ya Shamu, ambako hewa ni nzito na injini hunywa zaidi. Kwa hiyo walifika Entebbe bila mafuta ya kuwarudisha kwao. Walikuwa wamebeba pampu ili wajaze palepale. Hatimaye walijaza Nairobi.

Hapo ndipo hesabu ya fundi inapogeuka kuwa hesabu ya serikali. Serikali ya Kenya ilikana kushirikiana na wavamizi, lakini Amin hakuhitaji ushahidi zaidi ya ndege zile kuonekana Nairobi. Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda, watu waliojitafutia riziki tu, waliuawa kulipiza kisasi. Vitabu vingi kuhusu Entebbe huwataja kwa sentensi moja, kisha hurudi haraka kwa makomando. (Filamu nazo hupenda zaidi milio ya bunduki.)

Mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza kama kuna aliyewatahadharisha Wakenya hao kabla ya matangi kujazwa. Nilimweleza kuwa operesheni ya namna ile huishi kwa siri. Kumwonya mwenye duka mmoja mjini Kampala kungetosha kuifichua. Akaniuliza, basi, nani aliwahesabu alipokuwa akihesabu lita.