Kabla Hujaukemea Udongo



Wiki hii nimepokea jumbe tatu zinazouliza jambo moja: "Pasta, mbona nikipanda hapa hakumei?" Mmoja yuko Kitengela, wa pili Mtwapa, wa tatu anaishi ploti ya vyumba kumi ambapo hana hata futi moja ya ardhi, ana veranda tu. Wawili kati yao waliongeza ombi: niombee mahali hapa, pana kitu.

Nitaomba. Hiyo ni kazi yangu na siionei haya. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya udongo wenyewe, kwa sababu mimi nimelima udongo wa aina tatu maishani, na kila mmoja una tabia yake kama watoto wa nyumba moja.

Nilizaliwa Murang'a, kwenye udongo mwekundu. Ule ni udongo wa kina. Ukichimba choo unashuka futi baada ya futi na rangi ni ileile. Maji yanapita vizuri na mzizi unashuka unapotaka. Kasoro yake huioni kwa macho. Kule juu kwenye majani chai una asidi nyingi, na fosforasi ukiitia inashikwa na udongo wenyewe, mmea unabaki na njaa huku mbolea iko chini yake. Shosho yangu hakuwahi kusikia neno fosforasi, lakini kila asubuhi jivu la meko alilipeleka shambani na samadi ilienda kwenye kila shimo. Jivu hupunguza ukali wa ule udongo. Alikuwa sahihi kabisa, kwa pale alipokuwa.

Kisha huduma ikanipeleka Mtwapa, nikakaa miaka sita. Kule ni mchanga, na sehemu nyingine udongo ni tandiko jembamba tu juu ya mwamba wa matumbawe. Ule mfano wa mpanzi, mbegu iliyoanguka penye mwamba ikaota haraka na jua likaichoma, mimi niliuona kwa macho pale nyuma ya kanisa. Kunde zilitoka siku ya nne, zote pamoja, kijani kinapendeza. Kufika wiki ya tatu zimelala chini. Mzizi ulishuka inchi chache ukagonga jiwe. Mzee mmoja wa Kigiriama akanionyesha la kufanya: chimba mpaka mwamba ukukatalie, tandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa maji, rudisha udongo uliochanganywa na samadi, halafu funika juu kwa majani makavu. Makumbi yanashika maji kama sponji. Mchangani unalisha mmea kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa kuwa ukiweka mbolea nyingi siku moja, mvua moja inaishusha yote mahali mzizi hauifikii. Na upande vinavyopenda pale: mchicha, bamia, kunde, mihogo. Sukuma wiki ya Kinangop usiilazimishe kupenda joto la Kilifi.

Sasa niko Mlolongo, na hapa, ndugu zangu, ndipo penye udongo ninaopigiwa simu zaidi. Ule mweusi. Wakati wa mvua unakuvua kiatu. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono wangu unaingia mpaka karibu na kiwiko. Mafundi wa nyumba wanauchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi, maana ukinywa maji unavimba na ukikauka unajikunja, na ukuta hauwezi kuvumilia mambo hayo. Watu wanaona jinsi fundi anavyoutupa, wanadhani ni udongo uliolaaniwa. Si maskini. Una chakula kingi cha mimea. Shida yake kubwa ni kwamba unashika maji na kuifukuza hewa, na mzizi nao unapumua. Maji yakikaa siku tatu, nne, mizizi inaoza. Majani yanageuka manjano kuanzia yale ya chini, mmea unanyauka ukiwa umesimama majini. Mwenye shamba anauona umenyauka, anafikiri una kiu, anaongeza maji.

Nimepewa ruhusa na wahusika kueleza jambo lililotokea mwaka huu, bila majina.

Dada mmoja wa kanisa letu alipewa na landilodi kipande nyuma ya ploti, kama urefu wa magari mawili. Alishukuru Mungu, akatoa ushuhuda, akalima, akapanda spinachi na sukuma kabla ya mvua ndefu. Ni mjane, ana watoto watatu, na alikuwa amepiga hesabu: mboga atakayokosa kununua kwa mama mboga itamlipia mtoto nauli ya shule. Jirani yake wa mlango wa pili, ambaye pia ni wetu, hakupewa kipande. Alikuwa na magunia manne tu kwenye korido.

Mvua ya Aprili ikaja. Kipande kikafa. Magunia yakanawiri.

Mnajua kilichofuata. Kwanza ilikuwa minong'ono kwenye bomba la maji. Halafu mtu akasema alimwona jirani usiku akizunguka kile kipande, kana kwamba mtu hawezi kwenda choo cha nje usiku. Wiki mbili baadaye watoto wake wanaitwa "watoto wa mchawi" wakienda kuchota maji, na yeye ameanza kuuliza bei ya nyumba Athi River. Yule mjane akaja kwangu akitaka maombi ya kuvunja. Hakutaja jina, lakini aliligusa kwa upande.

Wapendwa, mimi nimehudumu Kilifi. Najua neno "mchawi" linaishia wapi. Wazee wameuawa kule kwa neno hilo tu, na mara nyingi nyuma ya neno kulikuwa na shamba. Oktoba 2021, Marani kule Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Wanne, wakati mmoja. Kwa hiyo mtu akiniletea maombi ya kuvunja yaliyo na mlango wa jirani ndani yake, mimi huvaa gambuti kwanza.

Nilienda na jembe na ndoo. Niliwaomba wote wawili wawepo, na mabalozi wote wa bomba wakajileta wenyewe. Nikang'oa mche mmoja wa spinachi, nikawapitishia waunuse. Mzizi mzima ni mweupe na unanukia udongo tu. Huu ulikuwa wa kahawia, laini kama uji, na uvundo wa mtaro. Kisha nikachimba shimo la futi moja, nikalijaza maji, yakazama kidogo, nikajaza tena. Nikawaambia, shimo hili lisiguswe mpaka kesho.

Asubuhi nilirudi. Maji yalikuwa pale pale, na mbu juu yake. Nikamwambia yule dada amwage maji kama hayo kwenye gunia la jirani, kwa mkono wake mwenyewe. Alimwaga jagi zima. Baada ya muda mfupi yakatoka chini, yakapita kwenye korido mpaka miguuni pake. Hakuna aliyesema kitu. Jirani ndiye aliyeleta tambara.

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Mtu aliyeitwa mchawi mbele ya watoto wake haponi kwa jagi la maji. Yule dada aliomba msamaha Jumapili ile, mbele ya akina mama, na jirani alisema amesikia. Alisema hivyo tu: nimesikia. Namheshimu kwa kutosema zaidi ya alichokuwa nacho. Hakuhama lakini.

Kuna mtini katika Luka 13 ambao miaka mitatu haukuzaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Yule mtunza shamba hakuuliza ni nani ameufunga. Aliomba mwaka mmoja, achimbe kuuzunguka na autilie samadi. Tumehubiri juu ya huo mtini tukaruka jembe na samadi, na ndiyo kazi yote aliyoahidi.

Basi turudi kwenye jembe. Kwa udongo mweusi, usipande chini. Inua tuta angalau futi moja, weka mawe au matofali pembeni lisibomoke, uchanganye samadi iliyooza na mboji ya maganda ya nyumbani. Usiulime ukiwa umelowa, utafinyanga matofali. Usiulime ukiwa umekauka kabisa, utavunja mpini. Kuna siku chache katikati, ukiufinya mkononi unashikana na ukiugusa kwa kidole unamomonyoka. Hizo ndizo siku zako. Na mtu akikwambia utie mchanga ili uulainishe, mwambie atahitaji lori. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unafanya kitu kinachokaribia saruji. Na uangalie vipande vya nyuma ya ploti, mara nyingi ni mahali palipomwagwa mabaki ya ujenzi. Yule dada alitoa kokoto, vipande vya mabati na mfuko mzima wa simiti uliogandamana.

Ule ujumbe wa jivu unaozunguka kwenye magrupu, "tupa jivu, mboga itanawiri," ni kweli Murang'a na ni kweli Vihiga, kwenye udongo wa asidi. Hapa Mlolongo na kule Mtwapa kwenye matumbawe, udongo mara nyingi umeelekea upande wa pili tayari. Jivu linauongezea ugonjwa ulio nao. Ushauri mzuri wa shosho wangu ungeua bustani yako.

Kwa asiye na ardhi, gunia. Kibera wamelima magunia kwa miaka mingi, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, njaa ilipobana, shirika la Solidarités la Ufaransa lilieneza kilimo hicho kwa familia nyingi pale. Siri yake ni mawe ya katikati. Chukua mkebe mkubwa uliokatwa chini na juu, usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo. Jaza udongo pembeni. Vuta mkebe juu, mawe yanabaki, jaza tena, mpaka ufike juu. Ule mnara wa mawe ndio unaopitisha maji mpaka chini bila kuzamisha mizizi. Toboa mashimo pembeni, shubiri moja kati yao, upande mche kila shimo na mingine juu. Usijaze udongo mweusi mtupu, ukikauka utajikunja uachane na gunia na maji yote yatapita kwenye ule mwanya. Nunua mkokoteni wa udongo mwekundu mgawane watu watatu, karai mbili za udongo kwa moja ya samadi. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza. Iache ioze mpaka isiwe na joto wala harufu kali.

Korido yenye jua la nusu siku inatosha sukuma. Kama jua lako ni la saa mbili tatu tu, usijitese, panda dania na vitunguu vya majani.

Kisha kuna maji. Hapa kwetu maji ya kisima kirefu yana chumvi, mnaijua kwenye sufuria. Ile chumvi inabaki ndani ya gunia kila ukimwagilia, utaiona kama unga mweupe juu ya udongo. Maharagwe hayaiwezi kabisa. Spinachi inaivumilia vizuri kuliko mboga nyingi, na hiyo ndiyo sababu ya magunia ya yule jirani kupendeza: alipanda spinachi, na kila mvua ilipokuja aliyasogeza nje yaoshwe. Watu walimwona akiyasogeza usiku. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri, usiyamwage. Ya sabuni na jiki yapeleke mtaroni.

Na jambo moja ambalo sitalifanyia mzaha. Usipande mahali palipofunguliwa betri za magari au kumwagwa oili ya gereji, hata kama udongo unaonekana mzuri. Owino Uhuru kule Mombasa watu waliugua kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi haina harufu wala haina rangi kwenye jani la mchicha, na wanaoumia zaidi ni watoto. Hapo weka gunia lenye udongo wa kutoka kwingine, juu ya mabati au saruji.

Jumamosi hii saa nne tutakuwa uani mwa kanisa tukijaza magunia. Kila mmoja alete udongo wa kwake kwenye chupa safi ya plastiki, nusu chupa, juu yake maji mpaka karibu na mdomo. Itikise nyumbani Ijumaa jioni kisha usiiguse. Mchanga utalala chini kwanza, tope laini juu yake, na mfinyanzi utakawia kushuka, maji yatabaki na ukungu mpaka asubuhi. Tutazipanga chupa zote mezani tuzisome pamoja. Wa Mtwapa anitumie picha ya chupa yake. Samadi ipo, tumepata pickup moja. Mkebe wa mawe utaletwa na yule mama wa magunia manne, amekubali kutufundisha. Mtakaomwita, mwiteni mwalimu.

Mbarikiwe.