Chai ya Oolong Ilivyomfungua Mdomo Dada wa Kariakoo

Dada mmoja wa Kariakoo alirudi kutoka Guangzhou na mzigo kiduchu na pakiti ya oolong. Duka lilishakufa, ila mama yake hakuwa amemwambia.

Jumapili akamkaribisha. Majani kijiko kimoja, maji ya moto, nusu dakika tu, akamimina. Bila maziwa wala sukari.

“Mwanangu, hii chai au maji ya kuoshea sufuria?”

Utamu wa oolong ni kwamba majani hayatupwi. Unaongeza maji tena na tena, ladha inabadilika. Kikombe cha pili mama kimya. Cha tatu akasema inanukia maua. Cha nne binti akamwaga yote.

Mama hakugomba. Akasogeza kikombe kiongezwe, akauliza, “Deni limebaki shilingi ngapi?”

Haya wadau, nyie mngefunguka kikombe cha ngapi?